Swali la lugha: "ongeza mafuta" kwenye gari yenye supachaja, yanaongezwa wapi?

Msomaji mmoja anatafsiri maelekezo ya kuboresha mfumo wa mafuta kwenye Mercedes E55 AMG ya mwaka 2004, ile V8 ya lita 5.4 iliyotoka kiwandani na supachaja (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini) na nguvu za farasi 476. Sentensi iliyomkwamisha ni hii: "Ukifunga puli ndogo lazima uongeze mafuta ili mchanganyiko uwe tajiri na injini isinoki." Kaipeleka gereji, fundi kaisoma afu kamuuliza, sasa hayo mafuta nikaongeze sheli gani? Anauliza amekosea wapi, na hiyo apgredi yenyewe aiiteje.

Ndugu yangu, sarufi yako haina shida, ngeli zimekaa sawa na kila kiambishi kiko mahali pake. Shida ni kwamba umeandikia watu wa gereji maneno ambayo gereji yana maana nyingine kabisa.

Tuanze na kuongeza mafuta maana hapo ndo penye kazi kubwa. Kwa yeyote anayeendesha gari huku kwetu kuongeza mafuta ni kwenda sheli, au kuweka wese kama wanavyosema vijana wa Dar. Kitenzi ongeza hakisemi unaongeza wapi, kinasema tu kitu kilikuwa kidogo sasa kitakuwa kingi, na akili ya msikilizaji inakimbilia mahali ilipopazoea ambapo ni tanki. Wewe ulikuwa unaongelea sehemu nyingine. Supachaja inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini, tofauti na tabo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, kwa hiyo ukiifunga puli ndogo inazunguka haraka zaidi na inasukuma hewa nyingi zaidi kwenye silinda, na hewa ikizidi wakati mafuta yamebaki yaleyale joto linapanda na pistoni inaweza kutoboka. Kinachotakiwa kuzidi ni mafuta yanayoingia kwenye silinda kila nozeli, kile kinachonyunyizia mafuta, inapofunguka, tanki hata likiwa nusu halihusiki.

Dawa yake ni kubadilisha mtendaji. Usimwambie fundi "ongeza mafuta", andika "nozeli zipitishe mafuta mengi zaidi" au "pampu ipeleke mafuta mengi zaidi". Ukishaipa nozeli hiyo kazi hakuna tena anayefikiria sheli, na pia umeshamwonyesha fundi kifaa gani ashike.

Ila angalia usikimbilie na "ongeza presha ya mafuta" ukidhani umesema kitu kilekile, hili nimelikuta kwenye tafsiri nyingi na linaniuma kwasababu mtu anaweza kuharibu injini nzima kwa neno moja. Presha na wingi ni vitu viwili. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole maji yanaruka mbali lakini ndoo haijai haraka zaidi. Kwenye nozeli hesabu yake iko hivi, mafuta yanaongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha, yaani ukitoa presha kwenye 43.5 psi (psi ni kipimo cha presha) ambayo ndo ya kawaida kwa magari mengi ya petroli ukaipandisha mpaka 58, mafuta yanaongezeka kama asilimia 15 tu, na ukitaka yawe mara mbili inabidi presha iwe mara nne. Afu pampu nayo kadri inavyosukumana na presha kubwa ndo inavyopeleka mafuta machache, kwa hiyo unaweza kukaza presha huku pampu inazidiwa.

Na kuna hali ambayo presha inapanda na mafuta hayaongezeki hata tone. Mifumo mingi ya gari zenye supachaja regyuleta ya presha inafungwa mpira mdogo unaosoma presha ya hewa kwenye manifoldi, yaani njia ya hewa kuingia kwenye silinda, supachaja ikisukuma 10 psi na presha ya mafuta inapanda kutoka 43.5 kwenda 53.5, ili nozeli iweze kumwaga kiasi kilekile ilichokuwa inamwaga mwanzo kwa sababu sasa inasukumana na hewa iliyoko mbele yake. Sasa mtu akisoma kwenye tafsiri yako kwamba mafuta yameongezeka kwa 10 psi atakuwa amedanganywa bila wewe kukusudia. Andika "presha inapanda" pale inapopanda presha, na "mafuta yanaongezeka" pale yanapoongezeka mafuta, hata kama kule ulikotoa wamechanganya.

Tajiri lifute. Kiswahili kinasema mtu tajiri, na nchi yenye madini mengi tunaweza kuiita tajiri, lakini mchanganyiko wa petroli na hewa hauna mali yoyote. Sema "mchanganyiko wenye mafuta mengi", na kinyume chake "wenye mafuta machache", basi. Kuna mtego mmoja hapo kwenye namba, petroli inaungua sawasawa kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, na gari yenye supachaja ikikanyagwa mpaka mwisho mafundi wengi wanaipeleka kwenye 11.5 mpaka 12 hivi. Yaani namba imeshuka lakini mafuta yameongezeka. Ukiandika "punguza uwiano" nusu ya wasomaji watapunguza mafuta, kwa hiyo taja namba yenyewe na uandike pembeni kwamba hapo mafuta ni mengi.

Kunoki ndo neno la hatari kuliko yote uliyotumia. Mtaani injini ikinoki imekufa, tafuta nyingine, mtu akikwambia gari yake imenoki unampa pole. Maelekezo uliyokuwa unatafsiri yalikuwa yanaongelea kitu cha kabla ya hapo, ule mlio wa silinda pale ambapo mafuta yanalipuka yenyewe kwa joto na presha kabla moto wa plagi haujayafikia. Wengine wanasema "injini inagonga", sio mbaya, ila shokapu nazo zinagonga, konrodi nazo zinagonga, kwa hiyo mara ya kwanza eleza kwa urefu kwamba mafuta yanalipuka yenyewe kwenye silinda, ukishaeleza ndo unaweza kuendelea na kugonga.

Apgredi: kwenye kichwa cha habari "kuboresha mfumo wa mafuta" inatosha na inasomeka vizuri. Ndani ya maelekezo haifai, kwasababu fundi aliyesafisha nozeli na kubadilisha filta naye ameboresha. Taja kinachofungwa. Nozeli usiseme "kubwa" tu, mara nyingi kwa umbo zinafanana na za mwanzo, sema zinapitisha cc ngapi kwa dakika.

Kitu kimoja hukuuliza lakini nimekiona kwenye maandishi yako. Ubavuni mwa hiyo gari kumeandikwa V8 Kompressor na wewe sehemu nyingine umetafsiri "puli ya kompresa". Kompresa kwa fundi wetu ni ya AC, au ile ya kujazia upepo kwenye tairi, na ya AC nayo ina puli yake inayozungushwa na mkanda. Unaona atakachofungua. Jina la gari liache kama lilivyo, kifaa kiite supachaja. Gari "lina" au gari "ina", kwenye maandishi rasmi wanataka lina, kwa watu wa gereji ina haimsumbui mtu, chagua moja usichanganye.

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Ukifunga puli ndogo kwenye supachaja, hewa inayoingia kwenye silinda inaongezeka, kwa hiyo funga pampu na nozeli zinazoweza kupitisha mafuta mengi zaidi, kisha kontroo boksi ipangwe upya ili gari ikikanyagwa mpaka mwisho mchanganyiko uwe na mafuta mengi ya kutosha na yasilipuke yenyewe kabla ya moto wa plagi kuyafikia." Ndefu, najua, imezidi yako zaidi ya mara tatu. Ukiona inachosha ikate hapo kwenye "kisha" uanze sentensi mpya, ila hilo neno kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, usiliache maana nozeli mpya bila kuipanga upya gari itamwaga mafuta ovyo hata ikiwa saileni, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa.