Cicely Tyson hakuanza kung'ara uzeeni

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwigizaji wa Marekani Cicely Tyson alipata jina uzeeni tu, kwa kuwa wengi wetu tulimfahamu kupitia filamu ya The Help ya mwaka 2011. La hasha. Mama huyu, aliyezaliwa New York mwaka 1924 na wazazi waliohamia kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi, alionekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1963 katika tamthilia ya East Side/West Side akiwa na nywele zake za asili, fupi, zisizonyooshwa, jambo lililokuwa geni kabisa kwa mwigizaji mwanamke Mweusi wa wakati ule. Mwaka 1972 aliigiza katika filamu ya Sounder, akateuliwa kuwania Oscar, na aliendelea kukataa nafasi alizoona zinawadhalilisha watu wake, hata pale msimamo huo ulipomkosesha kazi.

Kwangu mimi, kilele chake ni The Autobiography of Miss Jane Pittman, filamu ya televisheni ya mwaka 1974. Tafadhali itazame hasa sehemu ya mwisho: bibi kizee wa miaka 110, aliyezaliwa utumwani, anajikongoja polepole hadi kwenye bomba la maji lililotengewa wazungu, anainama, anakunywa, kisha anageuka kurudi. Mwigizaji mwenyewe alikuwa na miaka 49.

Tuzo ya Tony, inayotolewa kwa maigizo ya jukwaani Marekani, aliitwaa mwaka 2013, akiwa na miaka 88, na Oscar ya heshima ikafuata mwaka 2018. Alifariki Januari 2021, siku 2 baada ya kitabu cha maisha yake kutoka.