Dawa ya kuku kwenye maji ya ndege wa shule?

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira. Tuna meza ya kulishia ndege karibu na madarasa, na wanafunzi hutia mbegu kila asubuhi. Siku hizi tunaona ndege waliojitutumua manyoya, wanasinzia mezani, hawaruki hata tukiwakaribia. Wawili tumewakuta wamekufa. Tumeshauriwa tutie antibiotiki ya kuku kwenye maji yao. Kipimo chake ni kiasi gani?

JIBU: Hakuna kipimo, Mwalimu. Msitie.

Ushauri huu nakutana nao kila mara, na kwa kawaida anayeutoa hajawaona hao ndege. Antibiotiki hupambana na bakteria. Haiwezi virusi, na nyingi haziwezi kimelea kama Trichomonas, anayeharibu koo mpaka ndege ashindwe kumeza. Kwa kumtazama tu ndege aliyejitutumua, hata mimi siwezi kukwambia kinachomuua ni kipi. Tena nani atampimia dozi? Mgonjwa hunywa kidogo au hanywi kabisa, wazima ndio wanaoinywa na kuioga kutwa. Dozi za kubahatisha namna hiyo ndizo zinazozalisha bakteria sugu, na hapo ni mahali wanapochezea watoto.

Tatizo lenu liko mezani. Kwangua pembe za ule ubao: utakuta maganda, unga wa mbegu na kinyesi vimegandamana. Ndege hunya palepale anapokula, na kila asubuhi mnamwaga mbegu mpya juu yake.

Ondoeni meza na chombo cha maji leo, msilishe kwa wiki mbili au zaidi. Hawatakufa njaa, watatawanyika, na hicho ndicho tunachotaka. Mtu mzima mwenye glavu asugue vyombo kwa sabuni, nje, ndipo aviloweke kwenye klorini ya majimaji ya nyumbani (kama Jik), sehemu moja kwa maji sehemu tisa, avisuuze na kuvianika mpaka vikauke. Klorini juu ya uchafu ni kazi bure. Mizoga msiiguse kwa mikono mitupu, na mtaalamu wa mifugo aarifiwe, maana mafua ya ndege hayabahatishwi.

Mkianza tena, wekeni mbegu za kuisha siku hiyohiyo na badilisheni maji kila siku. Kilishio kikae chini ya mita moja kutoka dirishani, au zaidi ya mita kumi. Hapo katikati ndege hupata kasi ya kujiua kwenye kioo.

Wengine watawaletea kitunguu saumu, siki, au mbegu "zenye kinga". Mwaka 1994 ugonjwa wa macho utokanao na bakteria wa kuku ulionekana kwa ndege wa porini Marekani, ukaenea mashariki yote ya nchi hiyo. Vilishio vilikuwa miongoni mwa njia zake, na hakuna aliyeuzima kwa kutia kitu kwenye maji. Anayekuuzia dawa bila kuuliza meza ilisafishwa lini, mwache aende zake.

Watoto wanawe kwa sabuni kila wanapotoka hapo. Salmonela, bakteria wanaoharisha, hutoka kwa ndege na kuwapata watu pia, kwa hiyo mtoto akiharisha na kupata homa, daktari aambiwe habari za hiyo meza.