Fundi, nibaki na sahani tatu?

SWALI: Fundi, shikamoo. Baiskeli yangu ya milimani ni ya siku nyingi: magurudumu ya inchi 26, gia tisa nyuma (meno 11 hadi 34) na sahani tatu mbele, za meno 42, 32 na 22. Ile ya kati imelika, meno yamechongoka kama ya papa, na nikikanyaga kwa nguvu cheni inaruka. Dukani nimeonyeshwa krenki (mikono ya pedali pamoja na sahani zake) za aina tatu: kama hii niliyonayo, ya sahani mbili (36 na 22), na ya sahani moja ya meno 32. Muuzaji ananisukuma nichukue ya sahani moja, eti hizo nyingine zimepitwa na wakati. Ninakopita kuna kilima kimoja ambacho hata kwa gia nyepesi kuliko zote nafika juu ulimi nje. Nichukue ipi?
Ulimi Nje

JIBU: Marahaba. Hicho kilima ndicho kitakachokuchagulia krenki, wala si muuzaji.

Chukua kalamu. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Gia yako nyepesi kabisa ni 22 kwa 34, yaani 0.65. Gurudumu la inchi 26 lina mzingo wa mita 2 na kidogo, kwa hiyo kila miguu ikizunguka mara moja unasogea kama mita 1.3. Sasa weka ile sahani moja ya 32 na kaseti hiyohiyo, yaani lile fungu la gia za nyuma: 32 kwa 34 ni 0.94, karibu mita 2 kwa mzunguko. Kila mkanyago umekuwa mzito kwa karibu nusu yake. Kilima ni kilekile, mapafu ni yaleyale. Utashuka usukume.

Muuzaji hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Sahani moja ni kitu kizuri. Meno yake yanapishana, moja nene, moja jembamba, kwa hiyo cheni haichomoki ovyo kwenye mawe, na unaachana na kibadilisha gia cha mbele pamoja na waya wake. Lakini kampuni ya vipuri ya SRAM walipoileta sokoni mwaka 2012, waliileta pamoja na kaseti ya gia 11, meno 10 hadi 42. Siku hizi kaseti zimefika meno 51 na 52. Ukiwa na 32 mbele na 51 nyuma unapata 0.63, uko palepale ulipo leo. Ila ili ufike huko utabadilisha kaseti, kibadilisha gia cha nyuma, kitufe cha mkononi, cheni, na huenda hata habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Hiyo si krenki tena, ni nusu ya baiskeli.

Kabla hujanunua chochote, pindua baiskeli utazame sahani zimeshikwa na nini. Kama ni ribiti, huna la kufanya, krenki nzima inaondoka. Kama ni bolti, unaweza kubadilisha sahani ya kati peke yake! Hesabu bolti. Zikiwa nne, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata milimita 73 na nusu hivi, hicho ni kipimo kinachoitwa 104, na sahani zake zimejaa madukani.

Mimi kwenye baiskeli yangu niliitoa kabisa ile kubwa ya 42, nikafunga kinga ya duara mahali pake, nikabaki na 32 na 22. Ile 42 ndiyo iliyokuwa ikigonga magogo. Nimekosa nini? Kwa 32 mbele na 11 nyuma, miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, unakwenda kilomita 32 kwa saa. Mteremko ukikupeleka kasi zaidi ya hapo, pumzisha miguu ushike breki vizuri.

Kwa hiyo: za bolti, nunua sahani ya 32 tu. Za ribiti, chukua krenki ya sahani mbili, 36 na 22. Kibadilisha gia cha mbele unaweza kubaki nacho. Kishushe mpaka kikae milimita mbili tatu juu ya meno ya sahani kubwa, kisha kaza skrubu yake ya nje kisipitilize.

Ukibadilisha krenki nzima, angalia ekseli inayounganisha mikono yake miwili. Ya zamani huwa na ncha ya mraba. Nyingi za sasa huja na ekseli yao nene ya bomba, na beringi zake ni nyingine. Beringi za kufunga kwa uzi, upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kulia, kinyume na ulivyozoea. Nimewaona watu wakining'inia kwenye spana, wakikaza walichodhani wanafungua.

Na cheni je? Weka rula juu yake. Pini 25 mfululizo, kuanzia katikati ya ile ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho, zinatakiwa zichukue inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni nyingine. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane, na kaseti imekwisha. Usiifunge cheni chakavu kwenye sahani mpya, itaitafuna.

SWALI: Mkono wa krenki wa milimita 170 na wa 175, kuna tofauti? Mimi ni mfupi na magoti yananiuma.
Goti

JIBU: Ipo. Kwa 170 goti halikunjiki sana pedali ikiwa juu, na pedali haigongi mawe kirahisi. Chukua hiyo, kisha pandisha kiti milimita 5. Namba imechorwa nyuma ya mkono, karibu na tundu la pedali.

Ukishafunga, panda kidogo, rudi ukaze tena, hasa ekseli ya mraba. Mkono wa kushoto wa krenki yangu ulianza kulia "tik", nikajisemea nitaukaza nikifika. Nilipofika tundu la mraba lilikuwa limeshakuwa duara, na mkono nimeushika mkononi.