Nyumba Niliyonunua Mlimani Bado Si Yangu

Mwanangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema Konde nzima, huko kwetu Pemba, imeiona picha ya nyumba yangu, ile ya chini isiyo na ghorofa, yenye theluji juu ya paa na milima nyuma yake, na kwamba barazani inasemwa ami yako amejenga kasri Marekani huku nyumba ya bimkubwa inavuja. Kisha ukaniuliza kama uuze mikarafuu ya marehemu baba yako upate nauli, uje nawe ununue yako. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza.

Kwanza, sikujenga. Nimenunua kwa mkopo. Benki ilinipa dola 300,000 kwa miaka 30, riba asilimia 6.5, na kila mwezi nalipa dola 1,896. Nilidhani hizo zote zinapunguza deni. Mwezi wa kwanza dola 1,625 zilikuwa riba tupu, na zilizopunguza deni lenyewe ni 271. Nikifika mwisho, Mungu akinipa uhai, nitakuwa nimelipa riba ya zaidi ya dola 380,000, yaani thamani ya nyumba nyingine na zaidi. Kodi ya serikali ya kila mwaka juu ya nyumba, na bima, ni mbali. Ukishindwa kulipa miezi kadhaa, inauzwa na wewe unatoka na masanduku yako.

Na mimi nimesomeshwa chuo cha Kurani na babu yako. Aya zinazoharamisha riba nilizijua kwa moyo kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na bado nikatia saini. Hilo linaniamsha usiku hadi leo. Miezi minne baadaye, mtu mmoja niliyesali naye Ijumaa Denver akanambia zipo taasisi huku zinazonunua nyumba kwa ubia na wewe, ukawa unalipia sehemu yao kidogo kidogo. Basi ukija, uliza msikitini kabla hujaingia benki. Lakini sijasema uje.

Mji wenyewe unaitwa Leadville, uko Colorado, mita 3,094 juu ya bahari. Watu wake hawafiki hata elfu tatu. Jina lake linatokana na risasi, ile madini, kwani palikuwa na machimbo ya fedha na risasi tangu karne ya kumi na tisa. Machimbo hayo yaliuharibu udongo mpaka mwaka 1983 Serikali Kuu ya Marekani ikaliingiza eneo hili katika orodha yake ya sehemu za kusafishwa. Viwanja vingi vimeshasafishwa, ila mwenye watoto asinunue huku bila kuuliza udongo umepimwa lini. Mimi nilinunua kwa sababu kodi za kupanga nyumba karibu na mahoteli ya watelezaji wa theluji zinazidi mshahara wa mfua mashuka. Ndiyo kazi yangu, kufua mashuka. Alfajiri napanda basi kupitia Fremont Pass, kwenye mita 3,450, na jioni narudi njia ile ile.

Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, si 100 kama kwetu. Maharage utayabandika adhuhuri, yakafika isha bado yana kiini. Nunua sufuria ya presha kabla hujanunua kitanda.

Na baridi? Kipupwe chetu kinachomvalisha bimkubwa sweta hakifai hata kutajwa. Januari usiku, nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Mwaka wa kwanza nilitaka kutuma fedha za futari mapema, nikapunguza hita nyumba nzima ili niokoe dola 80, nikaenda kazini zamu mbili mfululizo. Niliporudi nilisikia maji kabla sijafungua mlango. Maji yakiganda yanatanuka, na paipu ya chini ya sinki ilikuwa imepasuka kwa urefu kama muwa. Gunia langu la mchele limelowa, na kizingitini maji yameshakuwa barafu. Fundi na mbao mpya za sakafu vikanila dola 2,400. Mwaka ule futari sikutuma. Mliona nimewasahau, na mimi sikusema kitu. Ndiyo leo nasema.

Tangu hapo, usiku wa baridi kali nauacha mfereji wa jikoni ukitoa maji membamba kama uzi, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Nimekua nikibeba ndoo kichwani kutoka kisimani, na sasa nalala nikisikiliza maji yakienda bure. Sijayazoea.

Unajua kwa nini nilichagua nyumba ya chini? Kwa ajili ya bimkubwa. Magoti yake hayapandi ngazi, nikasema akija asipande hata moja. Viza hakupata. Chumba chake kipo, kitanda kimetandikwa, na theluji ya mlango wa upande wake naizoa kila asubuhi kama kwamba yumo.

Usiuze mikarafuu, mwanangu. Mkarafuu ukipanda leo utangoja miaka sita au zaidi ndipo uchume, na ile ya baba yako inachumika msimu huu, na ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, itanunua. Ukiuza ukanunua tiketi, umebadilisha kitu kilicho chako kwa kitu kitakachokuwa cha benki mpaka uwe na mvi. Lakini siwezi pia kukwambia ubaki, mimi ambaye niliambiwa nisiondoke nikaondoka, na ada zako za skuli zikatoka kwenye mashuka haya haya. Ukipata njia ya halali, ya kazi au masomo, isiyogusa shamba, njoo. Nitakupokea, chumba kipo. Lakini usije kwa sababu ya picha.

Kuhusu paa la bimkubwa, wasemao barazani wana haki yao, nimechelewa. Jana nimetuma fedha za bati 40, geji 28, na misumari yake. Nenda Wete ukanunue mwenyewe, uzihesabu dukani, na fundi usimpe fedha mkononi mpaka bati ya mwisho imepigwa. Vuli isimkute chini ya paa lile.