Maswali ya Wasomaji: Kumwita kimulimuli kwa tochi

SWALI: Tunaishi Columbus, Ohio, na kila mwezi Juni uwanja wetu hujaa vimulimuli. Nasikia dume anaweza kuitwa kwa tochi akaja. Watoto wamejaribu wee, wapi! Wanakosea nini?

JIBU: Wanawahi mno. Mnayemwona zaidi huko ni kimulimuli wa aina iitwayo Photinus pyralis. Jua likizama, dume huruka chini chini juu ya nyasi, na kila akiwaka hujiinua, hivyo mwanga wake huchora herufi J. Huwaka kama nusu sekunde, akarudia kila sekunde 5 hadi 7. Jike hatoki kumfuata. Hukaa kwenye jani, na akipendezwa humjibu kwa kuwaka mara moja tu, sekunde 2 hivi baadaye. Dume humtambua mwenzake kwa pengo hilo. Mwanga unaokuja papo hapo haumhusu.

Zimeni kwanza taa za barazani, maana zinameza mawasiliano yote. Chukueni tochi ndogo, zibeni kioo kwa kidole ubaki mwanga hafifu, muishike karibu kabisa na nyasi bila kuipunga. Dume akiwaka, hesabuni sekunde 2, washeni nusu sekunde, zimeni. Msibonyeze tena mpaka yeye awake. Akidanganyika hugeuka, hutua jirani, kisha humalizia safari kwa miguu huku akiendelea kuwaka na kungoja jibu.

Vipimo hivi ni vya jioni yenye joto la nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Kukiwa na ubaridi, dume hukawia na jike hukawia, nanyi kawieni.

SWALI: Hapa Maryland nimemwona kimulimuli mkubwa akimtafuna mdogo. Ni njaa ya kawaida?

JIBU: Ni njaa yenye hila. Mlaji ni jike wa Photuris, kundi jingine la vimulimuli: ana miguu mirefu na mgongo uliobinuka. Huigiza jibu la jike wa Photinus, na dume anayekuja kuposa huishia kuliwa. Faida yake si shibe pekee. Photinus ana sumu mwilini inayowafukuza buibui na ndege, na kwa kumla, Photuris hujipatia kinga hiyohiyo. Kwa hiyo watoto wakikusanya vimulimuli chupani, wasichanganye wakubwa na wadogo, na wawaachie wote usiku uleule.