Usipande Mikoko Kabla ya Kuyasoma Maji

Kila masika vikundi vya pwani hushuka matopeni na magunia ya miche, na kila mwaka sehemu kubwa ya miche hiyo hufa. Lawama huangukia mbuzi, kaa na mawimbi. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ile ile ya kupanda: mti ulipelekwa mahali pasipo pake.

Mikoko ni ya aina kadhaa, nayo ina mpangilio wake. Mlilana husimama mbele kabisa, upande wa bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, kisha msindi na mkandaa, na mchu ukingoni mwa nchi kavu, ingawa mchu huonekana mbele pia kwa kuwa huvumilia mengi. Watu hupenda kupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni kubwa na huchomekwa tu. Ukiuchomeka mbele ya mlilana, kwenye tope tupu au juu ya nyasi bahari, utapigwa na maji mchana na usiku, na vile vijikombe vyeupe vinavyoganda kwenye mitumbwi vitaushika shina mpaka uiname. Kuvibandua hakusaidii, maana hutoka na gamba la mche. Mahali pasipowahi kuota mti pana sababu yake, na nyasi bahari nazo ni malezi ya samaki.

Kwa hiyo anza na maji. Chomeka vijiti kila mita 10, kutoka ukingo wa maji kuelekea nchi kavu. Nenda ukaviangalie wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, halafu urudi wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo. Panapofikiwa na maji karibu kila yanapojaa, hapo ni pa mkoko. Panapofikiwa na bamvua peke yake, peleka mkandaa na mchu. Pasipofikiwa kabisa ilhali zamani palikuwa na msitu, tafuta kilichoziba: barabara, mchanga ulioletwa na mvua, au kingo za mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Kukata ukingo pale mkondo wa zamani ulipopita huleta faida kuliko miche elfu kumi, kwa sababu maji yakirudi huja na mbegu zake. Tembea pia ukahesabu machipukizi. Ukikuta mche mmoja wenye afya katika kila mita 2 kwa 2, usipande kitu. Zuia ukataji, zuia mifugo, uache msitu ufanye kazi yake.

Ikibidi kupanda, chagua mbegu vizuri. Tazama pale mbegu ndefu ya mkoko inapokutana na tunda lake: pakitokea pete ya manjano, imekomaa, na ukiigusa kidogo huachia. Ya kijani tupu inayong'ang'ania tawi, iache. Kataa yenye vitundu vya wadudu au ncha iliyovunjika. Zikae kivulini wiki moja hivi zinyauke kidogo, maana kaa hupenda mbegu mbichi yenye maji. Chomeka theluthi moja ya urefu, ncha iliyochongoka chini. Wako wanaoigeuza, na ikigeuzwa haioti.

Mbegu ya mchu huloweshwa usiku kucha mpaka ganda litoke, kisha hulazwa juu ya tope ndani ya kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche. Ukiizika huoza. Mlilana ndio wenye kazi: okota matunda yaliyolainika, yaloweshe kwenye ndoo mpaka nyama ioze, osha upate vijimbegu, na uvioteshe mahali penye maji yasiyo na chumvi kali. Jaza viriba tope la hapo hapo msituni. Kitalu kifikiwe na maji lakini kisikae kimezama.

Panda bamvua likiwa limepita na maji yanaelekea kuwa mafu, ili mizizi ipate siku kadhaa za kushika. Nafasi ya mita 1 inataka miche 10,000 kwa hekta. Ya mita 2 inataka 2,500, nayo yatosha mahali pasipo na mawimbi. Hesabu miche iliyo hai baada ya miezi 3, 6 na 12, kwenye vipande vile vile vya mita 10 kwa 10. Anayelipa kikundi alipe kwa miche iliyo hai mwaka wa pili. Akilipa kwa iliyochomekwa, atapata iliyochomekwa.

Halafu kuna nyumba. Watu wanahitaji fito, pau na boriti, na katazo peke yake halijengi paa. Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 huuza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayoshikwa na hekta 117 za msitu wa mikoko, ulipanda mivinje nchi kavu ili iwe chanzo kingine cha miti ya kujengea. Igeni hilo mapema, kwani mvinje nao huchukua miaka kufikia unene wa boriti. Na pale ukataji unaporuhusiwa, mfundisheni mkataji tofauti hii: mchu ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, lakini mkoko ukikatwa chini ya matawi yenye majani umekufa.