Maswali na majibu: dawa ya kutapika na maumivu baada ya upasuaji

Swali: Nilifanyiwa upasuaji wa ngiri. Nilipozinduka nilitapika, nikachomwa sindano ya ondansetroni, na tangu hapo tramadoli, dawa yangu ya maumivu, ikawa kama maji. Je, ni mawazo yangu tu? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Huenda si mawazo. Tramadoli hutuliza maumivu kwa njia mbili: kwa upande mmoja hufanya kazi kama mofini, ingawa kwa nguvu ndogo, na kwa upande wa pili huongeza serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kati ya neva, katika uti wa mgongo, ambako ishara za maumivu hufifishwa kabla hazijafika kwenye ubongo. Ondansetroni huzuia kichefuchefu kwa kuziba mojawapo ya milango ambayo serotonini hupitishia ujumbe wake, kwa hiyo inaweza kufunga mlango uleule ambao tramadoli inautegemea. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2001 na 2002 zilionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa zote mbili walihitaji tramadoli nyingi zaidi katika saa za mwanzo. Na kwa kuwa tramadoli yenyewe huchefua, kuongeza dozi kunaweza kumrudisha mgonjwa kwenye beseni. Athari hiyo hupungua kadiri saa zinavyokwenda, wala si kila mgonjwa huiona.

Swali: Basi nikilazwa tena niikatae sindano hiyo?

Jibu: Hapana. Kutapika huvuta mshono, hukausha mwili, na kidonge cha maumivu kilichotapikwa hakimsaidii mtu. Mweleze daktari wa usingizi, kabla hujaingia chumba cha upasuaji, yaliyokupata mara ya kwanza, maana anaweza kubadilisha dawa ya maumivu badala ya ile ya kutapika. Ukiwa wodini, mwambie muuguzi waziwazi kwamba bado unaumwa. Kuvumilia kimya, jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni adabu, kunamnyima taarifa anayoihitaji.

Swali: Mke wangu ana kisukari. Ameambiwa atapewa deksamethasoni kuzuia kutapika. Itaharibu dawa zake za maumivu?

Jibu: Kinyume chake, dozi moja ya deksamethasoni hupunguza kichefuchefu na pia maumivu kwa kiasi fulani. Shida yake ni sukari, ambayo inaweza kupanda kwa muda, hivyo hakikisha inapimwa kabla ya upasuaji na baada yake.

Swali: Mjomba ameruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya tramadoli, anachefuliwa, na kabatini tuna promethazini. Ameze?

Jibu: Asimeze kabla ya kuwauliza waliomfanyia upasuaji. Dawa hizo mbili zote huleta usingizi, na zikikutana zinaweza kupunguza kasi ya kupumua, hasa kwa mzee. Kama ameshazimeza, asiachwe peke yake; akiwa hazinduki anapoitwa, au anapumua polepole kuliko kawaida, apelekwe hospitali mara moja, na mchukue maganda ya vidonge ili daktari aone alichomeza.